Ribiti Nne za Siti ya Heriel

Jumatatu, 12 Mei

Wifi Mektilda kashuka na basi la Moshi. Kaja na mashuka yake mwenyewe, kama vile yangu yana kunguni. Kasema Jumapili gari la mwanawe Elibariki litakuja kumchukua kaka yake, Heriel wangu, akapumzike kwao mlimani. Huko kupumzika nakujua. Wote waliopelekwa kupumzika wako chini ya migomba, wamepumzika moja kwa moja.

Heriel hajashuka kitandani, hii wiki ya tisa. Alianguka bafuni. Daktari kasema mfupa umeshaunga, kilichobaki ni yeye mwenyewe kutaka. Hataki. Analala anatazama mlangoni tu, koridoni ilikoegemezwa baiskeli yake, ile aliyonunua kabla hatujaoana. Siti yake ya ngozi imepukutika ribiti. Zilikuwa saba, vichwa vya shaba kama vifungo vya askari. Zimebaki tatu.

Nikamwambia wifi, Heriel akikaa juu ya baiskeli yake kabla ya Jumapili, haendi. Akasema sawa. Akacheka kwa pua.

Shule sikwenda. Herufi hizi alinifundisha Heriel, kwa chaki, nyuma ya mlango wa chumba. Simtoi.

Jumanne, 13 Mei

Kwa Awadhi, fundi baiskeli, upande wa Gerezani. Siti nimeifunga kwenye khanga. Akaishika kama mtoto wa watu aliyejikojolea. Akasema bibi, hizi tatu zilizobaki ndizo zinazobeba mtu, hizo nne ni urembo tu, babu anaweza kukaa hata leo. Nikamwambia Heriel huvaa tai akienda kununua mkaa. Hawezi kupanda kitu kibogoyo.

Akanitolea ribiti nyeupe, zile za mpini wa sufuria. Nikamwambia mume wangu si sufuria. Akasema za shaba hazipo Kariakoo nzima. Nikaona huyu ni mvivu wa kutembea. Nimezunguka Kariakoo nzima mpaka miguu imejaa.

Hazipo.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Upanga kuchukua dawa. Kurudi, nikapita karakana ya Tarsis. Anatengeneza majeneza. Lile la mbele kalipiga njumu pembeni, misumari ya urembo yenye kichwa cha dhahabu. Kichwa kile kile! Nikasimama.

Tarsis akavua kofia, akanipa pole, akauliza marehemu ni nani. Nikamwambia ni mume wangu, ila bado. Akauliza urefu. Nikamwambia nataka njumu nne. Akanitazama sana. Akanipa tano, ya tano ya kunifariji.

Awadhi akasema hii ni misumari, si ribiti. Nikamwambia kata ncha, gonga. Akakata, akaweka washa, kile kipete cha bati, kwa chini, akagonga mpaka zikalala. Akauliza nimezipata wapi. Nikamwambia mjini.

Zinang'aa. Ngozi nimeipaka mafuta ya nazi. Siti nalala nayo chini ya mto, wifi asiione.

Alhamisi, 15 Mei

Sisimizi. Mafuta yale ya nazi. Nimeamka shingo imevimba. Wifi kauliza kama ni ya kuambukiza.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeifunga siti mahali pake. Heriel akainua kichwa. Akauliza tai yake ya bluu iko wapi. Wiki tisa hajauliza kitu. Nikakimbilia kabatini.

Kurudi, wifi kavaa miwani, kainama kwenye siti. Huyu kazika waume wawili. Akapitisha kidole, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba ndizo hizi zilizokuwa kwenye sanduku la marehemu Aaron wake, hata rangi. "Wifi, unaleta vitu vya jeneza kwenye nyumba yenye mgonjwa? Unamchuria kaka yangu."

Nikasema ni za kochi. Akaniambia niape. Sikuapa.

Heriel akageukia ukutani. Hakula. Nimekaa chini nyuma ya mlango wa chumba. Chaki ilishafutika zamani, ila kila herufi najua ilipokuwa. Nimezipitia zote. Sikupata neno la kumwambia.

Jumamosi, 17 Mei

Wifi kaanza kukunja nguo za Heriel. Nikaingia na koleo. Nikamwambia Heriel nazing'oa zote nne, sikutaka ubaya, nilitaka ushuke tu. Akageuka kutoka ukutani. Kisha akauliza kama kweli ni za jeneza. Nikasema kweli, na ya tano ninayo hapa kwenye pindo la khanga.

Akaniita mwehu. Sauti hiyo sijaisikia tangu aanguke.

Akasema, "Weka hilo koleo, Mama Vicky. Siku moja vitu hivi vitanikalia. Leo navikalia mimi."

Akatupa shuka. Hatua saba mpaka koridoni, mkono mmoja begani kwangu, mwingine ukutani. Ya nne akasimama. Nikajua basi. Kumbe anataka tai. Nikamfunga, akamalizia tatu. Nikashika usukani, akapanda, akakaa wima kama siku aliyokuja kunichumbia. Nikalia kama mjinga.

Njumu moja Awadhi hakuigonga vizuri, kichwa kimesimama, kikamchoma. Heriel akaruka, akatukana kwa Kichaga. Wifi akajifunika uso. Nilidhani analia. Anacheka.

Jumapili, 18 Mei

Elibariki kaja na gari. Wifi kaondoka nalo peke yake, kaniachia mashuka mawili. Kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Heriel kasema mbele ya wote nisiingize tena humu ndani kitu chochote cha kwa Tarsis. Nimeahidi.

Jumatatu, 19 Mei

Keria ya nyuma inacheza. Heriel akipata nguvu atataka kunibeba, na mimi nitashika wapi? Nimepita kwa Tarsis. Ana vishikio vya pembeni mwa jeneza, vya dhahabu, vizito. Akanipa pole, akauliza kama tulizika salama. Nikamwambia marehemu anakula ndizi.

Nimechukua viwili. Nimevificha chini ya kitanda, upande wa Heriel. Bado hawezi kuinama.