Kampuni ya Viti Viwili

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1991
Nimegundua siri ya matajiri! Mimi, Firmin, muntu aliyeishia mwaka wa nne tu shuleni, lakini Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nimefika mara saba. Siri njo aksio, ile karatasi inayosema wewe pia ni mwenye kampuni. Jirani yangu Barnabé anazo za bulanjeri, pale wanapochoma mikate. Kampuni nzima, haina hata kikohozi. Inamulipa nini? Mikate miwili kila Jumamosi. Aibu! Kampuni inayokaribia kufa njo inalipa vizuri, kwa sababu wewe umekubali kuogopa. Mugonjwa akipona anamukumbuka nani? Yule aliyemuletea uji.

Jumanne, tarehe 5
Nimezunguka muji kupima wagonjwa. Sayansi yangu: unaingia biro, ofisi ya wakubwa, unahesabu viti. Bulanjeri, viti tisa. Bure kabisa. Kiwanda cha sabuni, viti viwili! Kimoja amekalia direkta, Papa Damien; cha pili kinauzwa. Nikaomba aksio. Direkta akanishauri nisinunue, eti hawajapika sabuni tangu Noeli. Nikamukonyeza jicho. Wakubwa wanaficha vizuri!

Jumatano, tarehe 6
Imefanyika. Mabati kumi na mawili kwa aksio arobaini. Direkta hakutaka pesa. Pesa ya leo, kesho unafungia karanga. Mabati ni ya bibi yangu wa ndoa, Odile, aliyeuza mihogo miaka miwili ayapate. Yalikuwa yapande boti ya Jumapili mpaka Moba, halafu Kirungu, kwa mama yake. Huko ni baridi na mvua inamunyeshea kitandani. Odile ameuliza yako wapi. Nimesema yametoka kidogo, yako kazini.
Wafanyakazi hawajalipwa. Nikawapelekea bukari, ugali wetu, na ndagala wa ziwani. Sentineli Michel, mulinzi wa mulango, akaniita Papa Patron. Nilikuwa karibu kulia.

Ijumaa, tarehe 8
Kiti cha pili kimeuzwa! Kwa hesabu yangu aksio zimepanda mara mbili. Barnabé akauliza zimepanda mpaka kwa nani, nani atazinunua? Wivu mutupu. Tena alikuwa anatafuna mukate.

Jumapili, tarehe 10
Kampuni imekufa. Jana direkta alifunga mulango, akamupa Michel ufunguo, na Michel akauleta kwangu. Kumbe karatasi haikudanganya: mwenye kampuni ni mimi. Na marehemu lazima awe na familia! Kufika saa nne, wafanyakazi kumi na mmoja na wake zao walikuwa wamekaa kwenye mikeka uwanjani kwangu. Mama Pascasie, aliyekuwa anakata sabuni, akaanza kilio chenyewe. Halafu wakauliza kwa heshima familia itapika nini. Familia! Nilipika. Ningefukuza wafiwa? Wamemaliza unga wa mwezi. Barnabé akaleta mikate yake miwili, haikufika hata mukeka wa pili.
Odile hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikunja nguo zake, akasema maadamu mabati hayaendi, ataenda yeye, amushikie mama yake beseni chini ya tundu. Boti iliondoka saa nane. Nilipunga mukono. Yeye alikuwa anaangalia upande wa Moba.

Jumanne, tarehe 12
Ninamukosa Odile, na si kwa sababu ya chakula tu. Lazima nimupelekee mama mukwe mabati ishirini na manne, apate ya kuezekea na ya kuringia. Barnabé, kwa huruma, amenipa aksio moja ya bulanjeri, bure. Nimeikataa. Viti tisa!
Mungu hakuniacha. Michel ana habari ya kiwanda cha mafuta ya mawese huko Kongolo. Direkta wa huko amekimbia na baiskeli. Biro haina kiti hata kimoja. Sifuri! Sijawahi kuona ugonjwa muzuri hivi.
Nimelala kitandani nikaangalia juu. Nyumba yetu ina mabati kumi na manne. Odile hayuko, kwa hiyo atalowa nani? Mimi peke yangu, na mimi si chumvi. Kuna wingu upande wa ziwa, lakini dogo. Michel yuko juu tayari, anang'oa misumari.