Jiwe la Tumboni

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimerudi kijijini Tabaka kutoka hospitalini na zawadi: jiwe! Mimi, mchonga mawe, napewa jiwe. Sista Drusilla wa mazoezi amesema vumbi limeharibu mapafu yangu, na msuli ulio chini yake umelegea. Nilale chali, jiwe tumboni. Nivute pumzi puani hadi jiwe lipande, kisha nipulize polepole kama anayepoza uji. Asubuhi na jioni. Na nisiguse vumbi tena, la sivyo sitayala mahindi ya msimu huu. Atakuja Ijumaa kutupima, mimi na jirani yangu Cleophas, mchongaji na mgonjwa mwenzangu. Cleophas! Hata kukohoa hukohoa kwa maringo.

Jumanne, 5 Machi
Jiwe halipandi. Nimeona nyota mchana. Huko kisimani Esnah, mke wa Cleophas, amejigamba kwamba la mumewe linapanda vizuri. Sikubali! Nachonga jingine la ukubwa uleule, lenye uwazi ndani. Kwa kawaida tunaliloweka jiwe kwanza ili vumbi lisiruke, lakini nikiagiza maji mengi kisimani Esnah atauliza. Nimechonga kavu, madirisha nimefunga. Mke wangu Nyaboke ameuliza mbona nimekuwa mweupe hivi. Nimemwambia ni dawa.

Jumatano, 6 Machi
Jepesi ajabu! Tatizo ni tundu nililochongea, linatoa sauti. Hoo... hoo... Nimeliweka mezani. Hoo... hoo... Nyaboke ameganda mlangoni. Amesema hivyo ndivyo alivyopumua marehemu mzee Ogari, aliyenifundisha kuchonga, wiki aliyokufa kwa kifua hikihiki. Nimemwambia ni upepo. Akauliza upepo gani, madirisha si yamefungwa? Amehamia jikoni kwa kuku. Mimi pia naogopa, lakini jikoni hakuna nafasi.

Alhamisi, 7 Machi
Kwenye vumbi sakafuni kuna alama ya kiganja. Gumba halipo. Ogari alijikata gumba akichonga. Nimefagia haraka. Nimekohoa mpaka nimeketi chini.

Ijumaa, 8 Machi
Drusilla amekuja. Nikalala, jiwe likapanda, likashuka, likapanda. Nikatabasamu. Akaweka mkono kifuani pangu, akauliza kwa nini sipumui. Kweli! Nilikuwa nimebana pumzi kwa woga, na jiwe linaendelea tu. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, akachungulia uvunguni, akaona vumbi. Machozi yalimlengalenga. Amesema nimejiharibu vibaya, na nikichonga tena asiitwe. Cleophas amepanda kilima cha kanisa bila kupumzika. Mshenzi. Jioni Nyaboke amelitupa jiwe langu kwenye shimo la taka.

Jumapili, 10 Machi
Jana Sabato, sikuchonga. Mimi si mpagani. Choo kimekuwa mbali sana. Leo nimeamka nikalikuta jiwe lilelile tumboni pangu, likipumua vizuri kuliko mimi. Nataka kuishi, nasema wazi. Kwa hiyo nimetafakari kosa langu na nimeligundua: lilikuwa jepesi mno! Jipya nitalijaza mchanga. Madirisha nimefunga, kazi imeanza. Nguvu zimeniishia, lakini kuna anayenishikia jiwe nikichonga. Hana gumba. Anashika vizuri sana. Nimemwambia asante.