Kumsaka Efrén Makaburini

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimedhalilishwa! Mbele ya mtaa mzima wa El Vado! Rómulo Sarmiento, muuza nguruwe wa kuchoma, amenifunga tena voli. Halafu akatangaza, huku akijifuta mafuta kwenye masharubu, kwamba mechi ya Ijumaa, sikukuu ya mji wetu wa Cuenca, ndiyo ya kukata mzizi wa fitina. Nikishindwa, sitacheza tena uwanjani pale. Nitakuwa mwokota mipira. Kila mpira utakaoruka ukuta, ni mimi wa kushuka kuufuata mtoni. Nikishinda, atashuka yeye. Nikakubali papo hapo, kifua mbele.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka. Voli yetu ni watu watatu kila upande, na wenzangu wawili wamehamia kwa Rómulo. Wanasema kwake hawakosi ngozi ya nguruwe ya kutafuna. Wasaliti! Njaa zao zitawaua.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimepata mpango. Mpango mzito!

Keshokutwa ni siku ya wafu. Siku hiyo hata waliopotelea Hispania hurudi kusafisha makaburi ya wazee wao. Na nani alipotelea Hispania? Efrén Tenezaca! Mwekaji wetu wa shuleni, yule wa kusimama karibu na wavu na kuudondosha mpira mahali pasipo na mtu. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa chake. Tangu aende Murcia hakuna aliyemtia machoni, lakini mama yake kazikwa hapa hapa. Nitamvizia kaburini.

Zoila, mke wangu, kauliza kwa nini nisimpigie simu tu. Nimemjibu kwamba vita haviendeshwi kwa simu. Tena namba yake sina.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku gani hii!

Makaburi yetu yamejengwa ukutani, moja juu ya jingine, kama masanduku ya posta. La mama Efrén liko juu. Nikapanda ngazi na ndoo ya chokaa, brashi, na mikarafuu ya Zoila. Nikasugua. Nikapaka. Nikalia kwa sauti ili Efrén akitokea aone nilivyompenda marehemu. Nilikuwa nalia vizuri sana pale mtu aliponikumbatia miguu.

Rómulo! Majina yamefutika ukutani, na kumbe lile lilikuwa kaburi la bibi yake. Analia kwa kwikwi, ananiita ndugu yangu, eti hakujua nina moyo kama huu. Akanishikisha mkate wa sikukuu, ule wenye umbo la mtoto, na kikombe cha uji wa zambarau. Ningefanyaje? Nimekunywa. Mtamu, nakiri. Alipoondoka akasema kwa upole kwamba kesho atanimaliza vilevile.

Wakati huo kulikuwa na jibaba moja lenye kipara limesimama chini ya ngazi, linaniziba nisione njia. Nikalisihi kwa adabu lisogee, namsubiri rafiki yangu. Likauliza yukoje huyo rafiki. Nikasema mwembamba, nywele mpaka mabegani.

“Nywele zimebaki Murcia, we Simbilisi,” likasema.

Simbilisi! Jina langu la utani la shuleni, hakuna tena mtu wa kuniita. Nilishuka ngazi bila kukanyaga vipago. Tulikumbatiana, tukaanguka kwenye maua ya watu. Ananiambia alifika jana na alikuwa ametembea mtaa mzima, hakuna aliyemjua, alikuwa amekata shauri arudi zake. Nililia tena, na safari hii sikuwa naigiza. Nilikuwa na hamu naye sana. Nilifurahi hata nikasahau mechi kwa dakika nzima.

Nikampeleka nyumbani. Magoti yake yamekwisha, lakini amesema kusimama na kuweka ataweza. Nikaanza kuumiza kichwa kuhusu mtu wa tatu, wa kuanzisha mpira. Efrén akauliza, na Zoila je?

Nikauliza, Zoila yupi?

“Zoila yupi! Zoila aliyetufunga sote darasa la sita, mpaka wewe ukalilia kwenye mfereji!”

Tukageuka. Zoila alikuwa anatupakulia mahindi ya kuchemsha. Hakuinua hata macho.

“Mwache, Efrén. Kaoa mkono huu akidhani ni wa kumenyea viazi tu.”

Ijumaa, 3 Novemba

USHINDI! USHINDI! USHINDI!

Nilikuwa nimewapa wenzangu alama za siri. Nikikohoa mara moja, mpira kushoto. Mara mbili, kulia. Bahati mbaya vumbi likanishika koo. Nikakohoa seti nzima, tukapoteza seti nzima. Rómulo aliniletea maji kwa huruma. Adui mbaya huyu!

Efrén akaniamuru nifunge domo nikimbie. Nikafunga, nikakimbia. Zoila akaanza kuanzisha. Jamani! Mpira unapaa juu ya ule wavu mrefu, unazima, unaanguka nyuma ya Rómulo kabla hajageuza shingo. Wanawake wa soko la nyama wakaanza kuimba jina la Zoila. Tukasawazisha.

Pointi ya mwisho. Rómulo anapiga kwa nguvu zote, mimi najitupa, mpira unanigonga utosini, unapanda hadi kwa Efrén. Naye anaushika kidogo, maana voli yetu inaruhusu, anatazama kushoto, Rómulo anaruka kushoto. Efrén anauweka kulia, taratibu, kama anamlaza mtoto. Uwanja ukalipuka! Kuna mtu akaupiga mpira teke kwa furaha, ukaruka ukuta. Rómulo akavua kofia, akashuka mtoni.

Zoila alikuwa anacheka, nywele zimefumuka, jasho tele. Yule yule wa darasa la sita! Nilimwona tena, na moyo ulinipiga.

Mpango wangu umefaulu asilimia mia.

Jumapili, 5 Novemba

Nimemsindikiza Efrén stendi. Amenishika mabega, akaniusia mambo mawili: nipatane na Rómulo, maana ni mtu mwema, na nifungue macho nione aliye karibu nami. Nimeahidi yote mawili, kwa machozi.

Kurudi nikapitia uwanjani. Rómulo alikuwa anapanda kutoka mtoni, suruali imelowa, mpira kwapani. Bila kinyongo akanipa mkono, akaniomba tucheze timu moja. Nami nikamjibu: tarehe 24 Desemba, marudiano, atakayeshindwa ahame uwanja moja kwa moja! Akakamua maji ya suruali, akakubali.

Zoila kanifungulia mlango. Kanunua raba mpya, nyeupe, alikuwa anazijaribu. Akauliza nitacheza na nani, maana Efrén ndiyo huyo kaondoka. Nimemwambia asijisumbue. Siku hiyo ni maandamano ya Mtoto Yesu, mji mzima utakuwa barabarani. Hatakosekana mtu niliyesoma naye.