Mkoba wa Kwenda Kaole

Jumamosi, 3 Rajabu 1302

Nimeficha kitabu miaka kumi na miwili. Kitabu cha fikihi, wakfu wa msikiti wa Kaole. Kimo sandukuni, chini ya sanda niliyojiwekea. Kifua kinanibana, na sitaki waje kuchukua sanda wakikute. Kila asubuhi napanda punda kwenda Kaole kusomesha watoto. Kukirudisha kungekuwa kazi ndogo. Shida ni Bwanausi. Alikuwa mtunza vitabu, akanyang'anywa funguo kwa ajili ya kitabu hiki. Mpaka leo hukaa mlangoni mwa msikiti, akitazama watu mikononi. Nahitaji mkoba. Ule wa tambuu nimeujaribu: nusu ya kitabu inachungulia nje!

Jumapili, 4 Rajabu

Nimechukua shogi, ile mifuko miwili mikubwa ya ukindu anayobebeshwa punda. Kosa! Bagamoyo mfuko mtupu haupiti hivihivi. Shikamoo mwalimu, nipelekee papa huyu kwa dada. Shikamoo mwalimu, na nazi hizi. Na jogoo! Kaole wenye mizigo wakanizunguka. Nimepakua kwa mkono mmoja, wa pili umekandamiza kitabu chini. Nimerudi nacho. Kinanuka papa.

Jumanne, 6 Rajabu

Leo nimekifunga mgongoni, ndani ya kanzu. Somoe, msusi wa mikeka, kaniuliza mbele ya watu kama kibyongo hicho kimeota au nimekiazima. Watoto wa mtaani wakanifuata wakiimba. Kisha mvua! Nikageuza punda. Nimemwagiza Somoe mkoba wa mgongoni: urefu shubiri mbili, upana moja na nusu. Nikasema ni wa tambuu. Akasema hiyo ni tambuu ya kutafunwa na harusi nzima.

Alhamisi, 8 Rajabu

Hodi mlangoni. Bwanausi! Miaka kumi na miwili hajakanyaga kwangu. Roho ilitaka kutoka kabla malaika hajaifuata. Kaleta mkoba. Somoe ni binti wa ndugu yake. Kumbe alimpelekea vipimo vyangu. Akaniambia taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba mwalimu, upana ulizidisha, nimemwambia apunguze vidole viwili, kisije kikacheza ndani. Nikauliza nini kisicheze. Akasema tambuu. Hakungoja kahawa.

Nimetia kitabu. Kimeingia barabara. Bwanausi alikipangusa vumbi miaka tisa. Mkono wake haujasahau.

Ijumaa, 9 Rajabu

Leo chuo hakuna, lakini sala ya Ijumaa ingenipa sababu ya kwenda Kaole. Sikwenda. Nikitokea na mkoba huu Bwanausi atajua! Nimemwagiza Somoe mwingine, mpana zaidi, kwa jina la mke wangu. Utakuwa tayari wiki ijayo. Tangu alfajiri nakohoa, na kitambaa kina damu. Nikitangulia kabla ya mkoba, atakayefungua sanduku na ajue: kitabu hiki sikukisoma hata ukurasa mmoja. Nilikichukua ili Bwanausi anyang'anywe funguo, nipewe mimi.

Wakampa Sharifu, ambaye hata kusoma hajui.