Bitutu na Bango la Migomba

Jongeeni, enyi watu wa Nyamache na Kebirigo, wenye migomba na msio nayo; wekeni vikombe chini mtege masikio, kwani nawasimulia jinsi Bitutu binti Mose, afisa wa kilimo, simba jike wa mabonde ya Kebirigo, alivyosimamisha karatasi moja ukutani, na ukuta ukasalimu amri.

Miaka miwili Bitutu alizunguka mashamba mia moja na ishirini akiuwinda mnyauko wa migomba, adui asiyeonekana aozeshaye ndizi kabla hazijakomaa. Alipoalikwa kongamanoni Kisii auonyeshe utafiti wake kwenye bango, aliitwaa tarakilishi kama shujaa atwaavyo mkuki, akaandika maneno elfu mbili na mia tatu, majedwali saba, na shukrani kwa watu kumi na wanne, akiwemo mkubwa wake wa kazi, ambaye hakuwahi kukanyaga shamba hata moja.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji alimwonyesha shangazi yake Tryphosa, mwalimu mstaafu, ambaye kalamu yake nyekundu iliwaliza wanafunzi wa vizazi vitatu. Tryphosa alirudi nyuma hatua sita, akakunja uso.

"Mwana wa kaka yangu," alinena, "kutoka hapa naona siafu wakihama. Mtu aliyesimama na chai mkononi hasomi kitabu ukutani. Niambie kwa sentensi moja: nini kinaua migomba?"

"Shangazi, jambo hilo lina vipengele vingi vinavyohusiana..."

"Sentensi moja."

"Ni panga," Bitutu akasema. "Tunakata mgomba mgonjwa, kisha kwa panga lilelile tunakata mzima."

"Basi andika hivyo, na herufi ziwe nene kama mihogo."

Ndipo yalipoanza mauaji. Majedwali sita yaliangamia, aya zikalala kifudifudi, na kila neno lililokufa lilimuuma Bitutu, maana alilipata kwa kutembea kwenye mvua na matope. Mkubwa wake alizikwa ndani ya neno "wengineo". Walionusurika walikuwa jedwali moja, maneno mia moja na themanini, picha ya panga juu ya moto, na kichwa hiki: PANGA LAKO NDILO LINALOUA MIGOMBA YAKO.

Siku ya kongamano alipewa ukuta wa mwisho, kando ya meza ya chai. Selotepu ilimsaliti mara mbili, na mara ya pili bango lilimfunika kichwa mbele ya maprofesa. Hakurudi nyuma. Alipanda kiti, akafuta vumbi la ukuta kwa kitambaa chake cha kichwa, akabandika upya. Likashika.

Saa mbili nzima alilinda ngome yake. Wasomi walimpita wakiziendea sambusa kama jeshi liendealo nyara. Mmoja alisimama, akamwuliza choo kiko wapi.

Kisha Ombati, mpishi aliyekuwa akimimina chai, akaweka birika chini. Alisoma akiwa palepale mezani, midomo ikimchezacheza.

"Mwalimu, hii ni kweli? Mgomba wangu mmoja kule Nyamache ulinyauka, nikaukata. Halafu nikapogoa mingine."

"Kwa panga lilelile?"

"Ninalo moja tu. Sasa imenyauka tisa. Nilidhani ni jirani yangu Onchiri amenifanyia jambo. Hatusemezani tangu Januari."

"Ombati," alisema Bitutu kwa sauti ya jemadari, "hiyo tisa ing'oe. Panga lipitishe motoni mpaka lisishikike, na ufanye hivyo kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Iliyobaki bado unaweza kuiokoa."

Ombati alilipiga bango picha, akampigia mkewe simu kwa lugha yao ya Ekegusii: panga lisiguswe mpaka afike. Kisha akaongeza kwamba jioni atachelewa, atapitia kwa Onchiri.

Zawadi ya bango bora ilienda kwa bango lenye majedwali tisa. Hata hivyo, waandishi wa historia ya Gusii na waandike kwa wino usiofutika: siku ile, saa tano na robo asubuhi, bango la utafiti lilisomwa lote, kuanzia kichwa hadi mstari wa mwisho, na mtu ambaye hakulazimishwa wala hakuwa na undugu na mwandishi.