Mkono wa Ivyne

Jumatatu, 3 Machi 2025
Zahanati yetu ya Dagoretti imekuja na jambo jipya. Sisi wagonjwa wa presha tujipime wenyewe nyumbani kila asubuhi, tuandike daftarini, daktari apange dawa kwa kusoma humo. Sista Ekta anasema hivyo tutatibiwa vizuri zaidi. Mwenye daftari zuri kuliko wote atakuwa mwenyekiti wa wagonjwa. Muigai muuza ngozi tayari anatembea kama mwenyekiti. Tutaona!

Jumanne, 4 Machi
Nimepima. 171. Muigai ana 130, ameitangaza mpaka kichinjioni, mbele ya wachinjaji wenzangu. Nimepima tena. 174! Mashine ina chuki. Nikafunga mkanda kwenye mkono wa mke wangu, Ivyne, nikadai najaribu betri. 118. Namba tamu hiyo. Nimeiandika kuwa yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mkono wa Ivyne haujaniangusha hata siku moja. Muigai amenuna. Ivyne aliuliza ni betri gani hii inayojaribiwa kila siku. Nikausifu uji wake, yakaisha.

Alhamisi, 13 Machi
Balaa. Ivyne jana 152, leo 167. Nilimwomba akae wima, aache mawazo.

Akasema, "Baba Lenox, hii kichwa inaniuma tangu juzi."

Nikamwambia anywe maji. Mimi nilikuwa nawaza uenyekiti tu. Nikachana ukurasa wa daftari wenye namba hizo, nikautia mfukoni, nikaenda kwa jirani yetu Shem kuazima mkono. 121.

Jumatatu, 17 Machi
Nimechaguliwa! Daktari alisoma daftari langu mbele ya watu, akanisifu, akanipunguzia dawa. Makofi! Muigai alipiga mawili. Nikarudi mbio kumwambia Ivyne. Nilimkuta sakafuni jikoni, uji unaungua, mdomo umeenda upande.

Ijumaa, 21 Machi
Wodini. Wanasema atapona, lakini mkono wa kushoto haushiki kikombe. Ule ule niliokuwa nikiufunga mkanda. Daktari wa wodi, ambaye hanijui, aliuliza kama aliwahi kupimwa presha. Nikamtolea ule ukurasa.

Akausoma, akasema, "Mzee, hii ingefika kliniki na jina lake, angeanza dawa wiki jana."

Nililia chooni. Ningeandika jina moja tu. Moja!

Jumatano, 2 Aprili
Ivyne yuko nyumbani. Sista Ekta amempa daftari lake mwenyewe, nami nimeapa kuandika ukweli mtupu humo. Leo 134. Nilipokuwa naandika alinitazama tu, mkono wake mapajani. Akauliza yangu ni ngapi. Nikapima. 183.

Kesho ni mkutano wangu wa kwanza nikiwa mwenyekiti. Muigai atakaa mbele. Hapana, mkono wa Ivyne siugusi tena kwa mambo yangu, hilo nimejifunza. Nimemtumia Shem ujumbe. Atapitia hapa saa moja asubuhi, kabla hajanywa chai.