Mashine Moja, Nia Moja

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Wilaya ya Karangpandu, wakulima kwa watumishi, kwamba kuanzia mwezi huu kila kompyuta ya serikali itakuwa na moyo mmoja tu.

Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti mara baada ya mazoezi ya viungo ya Ijumaa, watumishi wakiwa bado wanahema na hawana nguvu za kupinga. Mfumo wa kigeni uliokuwa ukiendesha kompyuta zote tangu ziliponunuliwa ungeondolewa. Mahali pake ungeingia Melati, mfumo uliotungwa hapa hapa Java na watu wanaokula tempe ya soya kama sisi. Melati ulikuwa wa bure, wa kizalendo, na kila ulipowashwa ua jeupe lilichanua kwenye skrini, polepole, kama ua la kweli.

Ili zoezi lisiharibiwe na haraka ya utekelezaji, iliundwa Kamati ya Uaminifu wa Mashine. Mwenyekiti wake akateuliwa Pak Prawoto, mkuu wa Idara ya Kumbukumbu, kwa kuwa alikuwa mtumishi pekee aliyekuja kazini kila siku na begi la kompyuta. Ndani ya begi mlikuwa na chakula chake cha mchana. Lakini hakuna aliyeuliza, naye hakuona adabu kuikatiza serikali ikiwa katikati ya kufikiri.

Pak Prawoto alikuwa na miaka hamsini na minne. Samaki hukunjwa angali mbichi, na yeye alipoanza kujifunza kompyuta alikuwa ameshakauka na kutiwa chumvi. Alijifunza darasa la jioni kwa Bu Ningrum, mwalimu mjane aliyefundishia kwenye ukumbi nyuma ya msikiti. Ilimchukua miaka miwili kuweza kuandika barua, kuihifadhi, na kuipata tena kesho yake. Kuipata tena keshokutwa aliita rehema. Na yote aliyoyajua, aliyajua ndani ya mfumo wa kigeni. Siku alipoufungua Melati kwa mara ya kwanza alitafuta pa kuizimia mashine hadi adhana ya magharibi, kisha akachomoa waya ukutani na kuomba msamaha, wa Mungu kwanza, wa waya baadaye.

Akarudi kwa Bu Ningrum.

"Bu, nimepewa uenyekiti wa jambo nisilolijua."

"Sasa unalia nini, Pak? Kuna mwenyekiti wa namna nyingine?"

"Melati unanishinda. Ule wa zamani umekatazwa. Nifanyeje?"

Bu Ningrum akafuta ubao kwa kiganja. "Weka yote miwili. Tunaigawa mashine vyumba viwili. Kila ukiiwasha, kabla haijafanya lolote, inakuuliza: leo tunaingia chumba gani? Unachagua, unabonyeza. Ukizubaa, inachagua yenyewe."

"Na hiyo mifumo haitagombana?"

"Haionani kamwe. Mmoja akiamka, mwingine amelala."

Pak Prawoto alilieleza jambo hilo kwa mkewe, akiwa amesimama mlango wa jikoni kwa fahari ya mtu aliyevumbua kitu. Mama Retno aligeuza tempe kwenye kikaango bila kumtazama.

"Nyumba moja, vyumba viwili," akasema. "Wawili wasioonana. Na kila asubuhi wewe ndiye unayechagua. Baba Retno, hapo umeoa."

"Ni mfumo tu, Mama Retno."

"Hata babu yangu alisema hivyo hivyo."

Basi mwenyekiti wa Kamati ya Uaminifu akawa na mashine yenye nyumba mbili. Mbele ya watu alifungua Melati, akalitazama ua kwa macho ya mapenzi. Watu wakitoka, aliizima, akaiwasha upya, akachagua ule mwingine, na kazi za serikali zikaendelea.

Hakukaa sana kabla ya kugundua kwamba hakuwa peke yake kwenye ndoa hiyo.

Kwa desturi ya wilaya yetu, ukaguzi wa kushtukiza hutangazwa wiki nzima kabla, ili watu wapate nafasi ya kujiandaa kushtuka. Kamati ilipofika Idara ya Barabara ilikuta bango kubwa mlangoni: KARIBUNI WAHESHIMIWA WA UKAGUZI WA KUSHTUKIZA. Ndizi za kukaanga zilikuwa mezani. Kompyuta zote zilikuwa zimezimwa.

"Mbona zimelala, Bu Endang?" akauliza Pak Prawoto.

"Tunaiheshimu kamati, Pak. Hatukutaka ziwakodolee macho mkiwa mnaingia."

"Ziwashe basi."

Bu Endang akaiwasha yake, na papo hapo akasimama mbele ya skrini, ameinama, amekunjua shali yake pande zote mbili kama mtu anayembadilishia mtoto nguo hadharani. Kikasikika kidole kikibonyeza. Akasogea. Ua likaanza kuchanua.

"Hilo hapo!" akashangilia jirani yake, Pak Gunarso. "Ua la nyumbani!"

"Nimeliona. Limechelewa kidogo."

"Lilikuwa linavaa, Pak."

Pak Prawoto aliutambua mchezo ule kwa sababu na yeye aliucheza kila asubuhi, isipokuwa hakuwa na shali. Angesema nini? Kunguru hamcheki kunguru mwenzake kwa weusi. Akala ndizi. Kisha akaandika ripoti kwamba uaminifu wa mashine za wilaya ni kamili, na mahali pengine umevuka lengo. Ofisini kwetu kuna sheria isiyoandikwa, lakini ndiyo pekee inayofuatwa: ili mradi Bapa afurahi. Na Bapa, ambaye ni Katibu Mkuu wa Wilaya, Pak Kusumadi, alifurahi sana. Alifurahi hata akamwalika Gavana wa jimbo aje kuona.

"Alhamisi ijayo," Pak Kusumadi aliuambia mkutano wa wakuu wa idara. "Bu Gavana atakaa mbele. Mashine moja itaunganishwa kwenye skrini kubwa, iwashwe mbele ya macho yake, aone ua linavyochanua. Itakuwa ya Mwenyekiti wetu, Pak Prawoto. Hotuba nitasoma mimi." Akawatazama mmoja mmoja. "Na kama kuna mtu humu mashine yake ina mioyo miwili, Kedungsili wanahitaji mtu."

Kedungsili ni kituo cha kuzalisha kambale, juu milimani, mahali ambapo barabara hukata tamaa kabla ya kufika. Pak Margono alipelekwa huko kwa kosa la kupiga chafya wakati wa dakika ya ukimya, na tangu hapo akishuka mjini watu humsalimia kwa mbali, upande unaotoka upepo.

Pak Prawoto alirudi nyumbani ameikumbatia mashine ya ofisi. Mashine yake, ikiwashwa kwenye skrini kubwa, ingeuliza lile swali lake mbele ya Gavana: leo tunaingia chumba gani? Naye hana shali. Kedungsili hakuna darasa la jioni. Wala haupo ule msikiti anamoswali tangu ujana wake. Na Mama Retno alishatamka kwamba yeye na kambale wataonana kwenye sahani tu.

Aliomba. Aliomba kwanza swali lile lisitokee kwenye skrini. Halafu akaomba umeme ukatike. Halafu, kwa aibu kidogo, akaomba Bu Gavana apate mafua, yasiyo makali. Kila alipoinua mikono alihisi dua zake zinapanda hadi kwenye dari na kukaa pale. Mwisho akajiuliza: mtu anayesimama kuswali hutia nia. Nia huwa moja. Hakuna anayekwenda mbele ya Mola wake na nia mbili, akangoja kuona ipi itawaka.

Akanyanyuka, akafungua mashine, na akaufuta mfumo wa zamani wote, pamoja na miaka yake miwili ya darasa la jioni.

"Umemwacha mke wa pili?" akauliza Mama Retno kutoka jikoni.

"Nimemwacha."

"Talaka ngapi?"

"Zote."

"Basi njoo ule. Umekonda kama ndiye uliyeachwa."

Alhamisi ikafika. Ukumbi ulinukia wali wa manjano uliopangwa juu kama mlima, ukizungukwa na mayai na kuku wa kukaanga, ukingoja kukatwa kileleni na kupewa mwenye kustahili heshima. Wakuu walikaa kwenye masofa ya mbele na vijisanduku vya keki mapajani. Bu Gavana, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alikaa katikati. Pak Prawoto akasema bismillahi, akawasha.

Mashine haikuuliza kitu. Ua likachanua. Watu wakapiga makofi, na Bu Endang akafuta jasho kwa shali ile ile.

Pak Kusumadi alipanda jukwaani, akachomeka flashi yenye hotuba yake na picha zake za mafanikio. Akabonyeza. Skrini kubwa ikajaa visanduku vitupu, safu kwa safu, kama makaburi ya mchwa. Akabonyeza tena. Vikaongezeka.

Akainama sikioni mwa Pak Prawoto, tabasamu likiwa bado limesimama usoni. "Hotuba niliandika kwenye ule mwingine. Washa ule mwingine."

"Upi, Pak?"

"Usinifanyie utakatifu leo, Prawoto. Ule mwingine!"

"Nimeufuta, Pak."

"Umeufuta? Nani alikwambia ufute?"

"Wewe, Pak."

Katibu Mkuu alimtazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Akageukia ukumbi, akakohoa. "Ndugu watumishi. Kwa madhumuni ya kulinganisha tu, kitaalamu, yupo mwenye mashine yenye ule mfumo wa zamani?"

Watu wote mle ukumbini walikuwa nao. Watu wote wakatazama feni. Pak Gunarso aliitazama kwa makini sana, kana kwamba anahesabu mapanga yake.

"Hakuna hata mmoja?" Sauti ilianza kumkatika. "Jamani. Hata mmoja?"

"Wilaya yako ni safi mno, Pak Katibu," akasema Bu Gavana, akafungua kijisanduku chake cha keki. "Nangoja hotuba."

Hapo Pak Kusumadi akafanya alichofanya. Alimwashiria dereva wake alete mashine kutoka garini, mashine nzuri, nyembamba, yake mwenyewe. Waya ukachomolewa kwa Prawoto ukachomekwa kwake. Katika haraka ile alisahau jambo moja, kwamba skrini kubwa ilikuwa bado inawaka na yeye hana shali.

Mashine ikaamka na kuuliza. Swali likasimama ukutani, kila herufi kubwa kama mlango, na chini yake machaguo mawili ambayo mwenyewe alikuwa ameyapa majina:

KAZI
GAVANA AKIJA

Bu Gavana alivaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza. Alisoma wa pili. Akameza keki.

"Pak Katibu," akasema kwa upole, "mimi nimeshakuja. Chagua."

Kidole cha Katibu Mkuu kilikwenda chenyewe kwenye mstari wa kwanza, kwa mazoea, kikarudishwa nusu ya njia, kikabonyeza wa pili. Ua likachanua, polepole kuliko siku zote. Chini yake Melati ukaandika, kwa adabu ya kinyumbani:

KARIBU. HII NI MARA YAKO YA KWANZA KUFIKA HAPA. UNGEPENDA KUITWA NANI?

Kilele cha mlima wa wali, Bu Gavana alikikata mwenyewe na kumpa Pak Prawoto, aliyekipokea kwa mikono miwili na kushindwa kukimeza. Mwezi haukwisha kabla Pak Kusumadi hajapewa jukumu la kimkakati katika sekta ndogo ya kambale. Pak Margono, tunasikia, alimpokea kwa furaha, akamwonyesha upande unaotoka upepo. Na Pak Prawoto akawa Kaimu Katibu Mkuu, mtumishi pekee wa wilaya aliyethibitishwa kuwa na nia moja, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo alikuwa hajui bado kuchapisha barua.

Siku ya tatu ofisini, ukaingia waraka kutoka ofisi ya Gavana. Bu Endang alileta habari mbio.

"Ufungue, Pak! Wanasema ni wa pongezi kwa Melati!"

Watumishi wote wakajazana nyuma ya kiti chake. Pak Prawoto akafungua. Visanduku vitupu, safu kwa safu, hadi chini, pale panapokaa sahihi ya Gavana.

Pongezi kwa wilaya iliyoacha mfumo wa zamani zilikuwa zimeandikwa kwa mfumo wa zamani.

Pak Prawoto alisafisha koo. Alijisikia akisema, na sauti ilikuwa yake kabisa: "Ndugu watumishi. Kwa madhumuni ya kulinganisha tu..."

Wote wakatazama feni.

Akawatazama, akajitazama, akaona kiti kile kinavyomfaa kila anayekikalia. Nje adhana ya adhuhuri ikaanza. Bu Endang, macho bado yako juu, akasema taratibu, "Pak, wewe nenda kaswali. Ukirudi, Mungu akipenda, huenda ukaukuta umeshachapwa mezani. Usiulize na nani."

"Mimi sitauliza," akasema Kaimu Katibu Mkuu, akatafuta viatu vyake.

Msikitini alitia nia, moja, kadiri alivyoweza. Kwenye rakaa ya mwisho aliweka paji la uso chini akakaa hapo muda mrefu sana, mpaka jirani yake akamgusa bega akidhani amezimia. Hakuwa amezimia. Alikuwa akimwomba Mola wake msamaha kwa dhati, na alirefusha kidogo tu, kwa sababu printa ya Idara ya Barabara ni ya zamani na huchukua muda kupata moto.